Mafuta ya Karafuu Kwenye Darubini

Nyinyi vijana mnaotia damu kwenye mashine na kupata jibu kabla chai haijapoa, nakuoneeni wivu, na sioni haya kusema. Mjukuu wa dada yangu, anayesomea kazi hiyo hiyo, ndiye aliyeniomba niandike tulivyokuwa tukitafuta vijidudu vya maradhi katika ng'ombe wa machinjioni, miaka ile ya baada ya Mapinduzi. Nimekaa na daftari lake miezi mitatu. Shule yangu iliishia msingi, na kuandika kwangu ni kwa polepole, kama mtu anayechomoa mwiba. Msitazamie mengi. Nitakuelezeni kazi ilivyokuwa, kisha nitakuelezeni habari ya Ame, mchukuzi wa nyama, mtu ambaye ningeweza kumwahi na sikumwahi. Wazee wenzangu wakisimulia kazi zao huishia kujisifu. Mimi sina pa kujisifia.

Kazi niliipata kwa sababu ya mwandiko. Bwana Rashid, mkaguzi wa nyama, jirani yetu pale Kikwajuni, alikuja nyumbani kutafuta kijana wa kuandika vibandiko vya chupa za damu. Akanipa karatasi na kalamu. Nikaandika jina langu, Mussa, na la baba yangu, na kabla sijamaliza yeye alikuwa ameshakunywa vikombe viwili vya kahawa.

"Huyu ananifaa," akamwambia mama. "Anayeandika haraka huandika uongo."

"Lakini hasemi, Bwana Rashid," mama akasema. "Ukimwita atakwambia 'naam', basi. Ndiyo maneno yake ya siku nzima hayo."

"Ng'ombe nao hawasemi. Wataelewana."

Chumba chetu cha kupimia kilikuwa zamani stoo ya chumvi ya kutilia ngozi. Kuta zilitoka jasho mwaka mzima. Kilikuwa na meza moja, dirisha moja lililotazama mashariki, na darubini moja ya kutazamia vitu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Darubini hiyo haikuwa na taa. Chini yake palikuwa na kioo cha duara, nawe ukikigeuza mpaka kinase jua na kulirusha juu. Bila jua huoni kitu.

Sasa fikirini. Ng'ombe walichinjwa baada ya sala ya alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu nyama ilikwishapakiwa kwenye magari ya kukokota kwenda sokoni. Na jua lilifika kwenye dirisha letu saa mbili na nusu, baada ya kuupanda ukuta wa zizi. Mjini watu walikuwa wanakata vitunguu, na sisi bado tunangoja mwanga. Kanuni ya Bwana Rashid ilikuwa hii: ng'ombe mzima, nyama yake iende; ng'ombe wa kutiliwa shaka, nyama itundikwe mpaka jua litoe hukumu.

Adui mkubwa alikuwa kimeta, maradhi yanayomwua ng'ombe na mtu anayegusa damu yake. Ng'ombe wa kimeta hapasuliwi, hachunwi, hagusiki. Huchomwa moto na kuzikwa kwa chokaa. Bwana Rashid alinifundisha kumtafuta hivi. Chukua tone la damu kutoka kwenye mshipa wa sikio, si shingoni ambako imechanganyika na uchafu wa tumbo. Lipake jembamba kwenye kioo kidogo. Likikauka, lipitishe juu ya moto mara tatu kama anayekausha karatasi. Tia rangi ya buluu, hesabu pumzi kumi, osha. Wala usitumie rangi mpya! Rangi hiyo huiva kama siki. Chupa yetu ilikaa wazi miezi mingi kabla ya kufaa. Ukiona vijiti vya buluu vyenye ncha zilizokatwa sawa kama vipande vya muwa, tulia, hujaona kitu bado, kwa maana damu iliyochacha nayo huwa na vijiti. Tafuta utando. Kijiti cha kimeta huvaa utando, ambao buluu iliyoiva huugeuza waridi, umechakaa pembeni kama nguo kuukuu. Utando ukiwapo, kimeta. Utando usipokuwapo, nyama iende.

Kuna jambo ambalo vitabu vyenu huenda visikwambieni. Ng'ombe akifa mwenyewe ni mzoga, ni haramu, haliwi. Basi mwenye ng'ombe akimwona mnyama wake anayumba, hakumwita mganga wa wanyama. Alimkimbiza kwenye kisu. Tulikuita huko kuwahi kisu. Kwa hivyo ng'ombe walio wagonjwa kuliko wote kisiwani ndio walioletwa kwetu mbio, na wakachinjwa kwa bismillahi, wakaelekezwa kibla, wakawa halali. Bwana Rashid alikuwa akiwaambia, "Uhalali uko shingoni, jamaa zangu, lakini maradhi yako kwenye damu." Wakimjibu, "Wewe sheikh wa lini?"

Mwaka wangu wa kwanza nilikosea vibaya. Bi Mize, mwanamke mmoja wa pale mjini, alileta ng'ombe kwa harusi ya bintiye. Ng'ombe alikuwa na homa. Nikachukua damu, lakini nikaiacha chupani mpaka adhuhuri kwa kuwa Bwana Rashid hakuwapo na mimi niliona haya kuipima peke yangu. Nilipoitazama, vijiti tele. Nikaandika "kimeta", kwa mwandiko mzuri sana. Ng'ombe akachomwa. Kesho yake Bwana Rashid akapima damu nyingine ya ng'ombe yule yule, iliyochukuliwa mapema na kuhifadhiwa vizuri. Haikuwa na kitu. Nilichokiona mimi ni uozo wa joto la adhuhuri.

Bi Mize alikuja akasimama mlangoni. Hakutukana. Alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, wageni wangu wamekula mchicha." Tangu siku hiyo machinjio mazima wakaniita Bwana Vijiti.

Aliyelipenda jina hilo kuliko wote ni Ame. Alikuwa Mtumbatu, nyumba yake Mkokotoni, na katikati ya wiki alilala kwa jamaa zake mjini. Alikuwa na shingo kama gogo. Alikunja shuka, akaiweka begani, akainama, akatwikwa robo ya ng'ombe, akaondoka akiimba. Kila asubuhi akipita dirishani kwangu: "Bwana Vijiti, leo umeona vingapi? Nihesabie vya kuni, mke wangu hana kuni!" Mimi nilicheka ndani kwa ndani. Sikumjibu hata siku moja.

Sasa nije kwenye mafuta. Darubini ile, ukitaka kuona vijiti vizuri, lazima utie tone la mafuta baina ya kioo cha damu na jicho la chini la darubini. Mafuta yenyewe yalikuja kwa meli katika chupa ndogo. Yakaisha. Tukaandika barua, hakuna jibu. Tukaandika tena. Bwana Rashid akachoka.

"Kisiwa kizima kinanuka karafuu," akasema, "na sie tunangojea mafuta ya Ulaya?"

Akaleta mafuta ya karafuu ya kutilia jino. Tukajaribu. Lo! Picha ikawa safi kama mpya. Tulifurahi kama watoto. Chumba kikanukia kama cha mtu aliyeugua magego, na Bwana Rashid akawa anajigamba kwa kila mgeni kwamba hapa kwetu hata sayansi inatiwa viungo. Kwa kupimia maradhi ya vifua na vivimbe mafuta yale yalitutosha kabisa. Kimeta hatukuwa tumekutana nacho tangu tuanze kuyatumia.

Jumatatu moja ya masika, akaletwa ng'ombe kutoka Chwaka. Mwenyewe alikuwa mzee mtulivu, amelowa mpaka mifupani.

"Kaanguka shambani jana, kisha kainuka mwenyewe," akasema. "Mzima. Uchovu tu."

Ng'ombe alikuwa akitetemeka. Kabla Bwana Rashid hajafika karibu, mchinjaji alikwishawahi kisu. Damu ikatoka nyeusi kidogo. Alipopasuliwa, bandama ilikuwa imevimba, si sana. Bwana Rashid akaibonyeza kwa kidole.

"Homa ya kupe nayo huvimbisha bandama," akasema. "Lakini itundikwe. Mussa, damu ya sikio."

Nikachukua, nikapaka, nikatia rangi. Tukangoja jua. Mvua. Saa mbili, mvua. Saa tatu, mvua. Sokoni hapakuwa na nyama wiki nzima, na watu walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Wachuuzi wakaanza kuja machinjioni na kupiga kelele. Ame alikaa juu ya gari la kukokota, shuka yake tayari begani.

"Bwana Vijiti! Jua likikawia, lipelekee barua!"

Saa nne mawingu yakafunguka. Nikageuza kioo, nikatia tone la mafuta ya karafuu, nikatazama. Vijiti. Ncha zimekatwa sawa. Na kando ya kila kijiti, utando wa waridi.

Niliuona. Leo ni mzee, nimesahau majina ya watu niliokula nao, lakini utando ule nnauona.

Nikatoka mbio kumwita Bwana Rashid. Alikuwa katikati ya wachuuzi, wakubwa watupu, wanabishana. Nikasimama nyuma yake. Mkubwa akisema, mdogo hangoji zamu, hangoji kitu, hunyamaza. Ndivyo nilivyolelewa. Nikasimama mpaka akageuka mwenyewe, labda robo saa imepita. Akaja, akainama kwenye darubini, akakaa muda.

"Utando uko wapi?"

Nikatazama. Vijiti vilikuwapo, vimepauka. Waridi hakuna.

"Nliuona," nikasema.

"Uliuona, au uliuogopa?"

Nikamkumbuka Bi Mize mlangoni. Nikasema, "Sijui."

Damu ilikuwa bado chupani. Jua lilikuwa bado dirishani. Nilitakiwa kusema maneno matatu: tufanye kioo kingine. Sikuyasema. Yeye naye alikuwa na wachuuzi mlangoni wanagonga. Akatoka, akapiga muhuri. Ame akainama, akatwikwa robo ya kwanza, damu ikamchuruzika shingoni, akaenda zake akiimba.

Jumatano jua lilikuwa kali. Bwana Rashid alikuwa na kisanduku chenye kioo kimoja cha damu ya kimeta cha hakika, cha tangu enzi za wakubwa wake wa kizamani, alichokihifadhi kwa kufundishia. Nikakitoa bila ruhusa. Nilitaka nijue kama macho yangu ni mabovu. Nikatia tone la karafuu, nikatazama: waridi, safi, kama nilivyoona Jumatatu. Nikaenda kuosha chupa, nikarudi. Imepungua. Nikakaa kwenye darubini bila kuinua kichwa, nikaona waridi ile inayeyuka kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Mafuta ya karafuu hula rangi. Ndiyo siri yote. Mwanafunzi yeyote wa leo anaijua. Sisi wawili tulioishi ndani ya karafuu, tunaoyapaka meno, tunaoyanusa tangu kuzaliwa, hatukuijua.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Nilijua kwamba ng'ombe wa Chwaka alikuwa na kimeta, na nilikuwa nimekwisha kukiharibu kioo cha pekee cha Bwana Rashid. Nikatoka kumtafuta. Alikuwa na wageni. Nikasema kesho. Nikajiambia nyama imekwishaliwa, imepikwa ikaiva, haitarudi. Tazameni nilivyofikiri: nilifikiria nyama. Mikono na shingo zilizoibeba sikuzifikiria.

Alhamisi Ame akaja dirishani, safari hii hakuuliza vijiti.

"Hebu nitazamie hapa, Bwana Vijiti. Mbu wa Kikwajuni ana meno."

Akashusha shuka. Chini ya sikio palikuwa na kidonda kidogo, duara, katikati cheusi kama punje ya pilipili manga.

"Kinauma?" nikamuuliza. Hilo ndilo neno langu la kwanza kwake tangu tujuane.

"Kumbe unasema! Hakiumi hata kidogo, kinawasha tu."

"Nenda hospitali."

"Kwa kitu kisichouma? Wataniambia Mtumbatu kaja kutafuta kivuli." Akacheka. "Kesho nnakwenda kwangu. Mke wangu Bi Pili atanipaka majani, nitarudi mzima."

Nisikilizeni vizuri hapa: kidonda cha kimeta hakiumi. Nilikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu katika daftari la kazi, kwa herufi nzuri: hakiumi.

Ijumaa akaondoka. Mimi, kwa kuwa mdomo wangu ulikataa, nikaamua kumwandikia Bwana Rashid barua. Nikaanza jioni ya Ijumaa baada ya kazi. Nikaandika "Shikamoo Bwana Rashid", nikaona halikukaa vizuri, nikachana. Nilitaka nieleze kuhusu mafuta, na kioo nilichoharibu, na kwamba si kosa lake. Jumamosi nikaandika nusu. Jumapili nikamaliza, nikainakili upya isiwe na doa. Barua ya ukurasa mmoja, siku tatu.

Jumatatu asubuhi niliiweka mezani, nikasimama ukutani. Akaisoma. Hakuuliza habari ya kioo. Hakuuliza habari ya mafuta.

"Nani aliyebeba?"

"Ame."

"Yuko wapi?"

"Kwao, Mkokotoni. Tangu Ijumaa."

"Umemwona shingo?"

"Nimemwona."

Alinyanyua mkono, nikadhani atanipiga. Aliuweka mdomoni.

Tukapata lori la mchanga linalokwenda kaskazini. Tulipoingia Mkokotoni tukakutana na wanaume wanarudi kuzika, mikono ina udongo. Mmoja alikuwa shemeji yake Ame, kaka wa Bi Pili. Akatuambia shingo ilivimba tangu Jumamosi, ikaungana na kifua, alfajiri ile pumzi zikagoma. "Hakulalamika maumivu," akasema, kama anayetufariji. "Alikuwa akisema hakiumi."

Bwana Rashid akamvuta kando, akamuuliza nani aliyemwosha, nani aliyegusa nguo zake. Akarudi uso umemshuka: Bi Pili alikuwa ameifua ile shuka ya kazini siku ile ile ya Ijumaa, na kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na kipele.

"Mjane yuko eda," shemeji akasema. "Hatoki."

"Eda haimzuii mgonjwa," Bwana Rashid akasema. "Muulizeni sheikh wenu, lakini muulizeni lori likiwa linanguruma."

Sheikh hakukataa. Bi Pili akaletwa mjini hospitali, amejifunika gubigubi, kaka yake pembeni. Wakampiga sindano za penisilini asubuhi na jioni. Walioosha maiti nao wakaitwa. Mjini wangapi waliumwa kwa nyama ile sijui. Hakuna aliyehesabu, na mimi niliogopa kuuliza. Bwana Rashid aliandika taarifa, akajitaja yeye tu. Hakuna aliyeijibu. Aliiacha kazi kabla ya mwaka kwisha, na kila nilipokwenda kumwamkia aliitikia "marahaba", basi. Mimi niliendelea, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kuandika vile vibandiko. Nikafanya kazi ile mpaka nikastaafu. Mkiniuliza niliokoa wangapi, nitakwambieni sijui. Mtu aliyeokolewa na muhuri usiopigwa hajui kwamba aliokolewa. Aliyekufa ndiye ninayemjua kwa jina.

Mama yangu alimpikia Bi Pili uji kila siku, na mimi niliupeleka. Nikauweka mlangoni nikaondoka. Siku ya kutoka, kaka yake akanizuia. "Anataka kukuuliza neno."

Alikuwa amekaa kwenye benchi, uso ndani ya buibui. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Ndiwe uliyekuwa ukitazama damu?"

"Ndimi, Bi Pili."

"Ulijua lini?"

Nilikuwa na uongo tayari. Nilikuwa nimeutengeneza njiani, na bakuli la uji mkononi. Lakini ulimi wangu mzito haujawahi kujua kukimbia.

"Jumatano," nikasema. "Saa nne asubuhi."

"Jumatano ya kabla ya yeye kuja nyumbani?"

"Hiyo hiyo."

Nikaona vidole vyake vinatembea chini ya kitambaa.

"Ijumaa alikula wali," akasema. "Jumamosi alikwenda pwani kwa miguu yake. Jumapili alikuwa bado anameza maji." Akaushika mkono wake. "Hizi sindano nilizopigwa mie, Jumamosi zilikuwapo?"

Kaka yake akanitazama, akataka niseme sijui.

"Zilikuwapo," nikamwambia.